Tunu Binti Fisi

Mwaka ule jua lilikaa juu ya nyika ya Mikwajuni kama sufuria iliyosahauliwa mekoni. Majani yalikauka, mto ukabaki mchanga mtupu, na vyura wakahama bila kuaga. Maji yalisalia mahali pamoja tu, chini ya majabali, katika kisima chenye mdomo mwembamba.

Kisima kile hakikuwa na jina. Kiliitwa kisima, basi. Tembo akiona kiu alisema, "Naenda kisimani," na Kanga akitaka kunywesha vifaranga wake alisema hivyo hivyo. Hakuna aliyeuliza kisima ni cha nani, kama vile hakuna anayeuliza upepo ni wa nani.

Lakini wanyama wa Mikwajuni walikuwa na desturi moja kuhusu majina. Mkubwa yeyote akikipa kitu jina la pekee, kwa sauti, mbele ya majirani, kitu kile kilihesabiwa kuwa mwanawe. Ndivyo babu yake Simba alivyoliita jabali lake Sultani, na tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kulikalia isipokuwa watu wa ukoo wa Simba. Na mtoto yeyote akikosa, awe wa kuzaliwa au wa kupewa jina, mzazi wake alikwenda kupiga magoti kwa aliyekosewa, kisha akamfagilia uwanja mpaka mwenye uwanja aseme, "Imetosha."

Mama Sungura aliijua desturi hiyo kwa magoti yake mwenyewe. Mwanawe wa kwanza, Sikujua, aliwahi kukanyaga mayai ya Kanga katika kuruka ruka kwake. Mama mtu akaenda, akapiga magoti, akashika ufagio. Alifagia tangu asubuhi hadi vivuli vikarefuka, kwa sababu Kanga alikuwa katikati ya hadithi ndefu ya shangazi yake na akasahau kabisa kusema neno linalotakiwa.

Sasa, asubuhi moja ya ukame ule, Mama Sungura alichukua kibuyu akaenda kisimani. Nyumbani aliwaacha wanawe, Sikujua, Mwanaidi na Tatu. Tatu ndiye aliyemtia wasiwasi. Alikuwa mdogo, na tangu jana alikuwa ameacha kulia. Mama anayejua watoto anaelewa kwamba mtoto mwenye kiu akinyamaza, hapo ndipo pa kuogopa.

Kisimani alimkuta Fisi amekaa juu ya mdomo wa kisima kama kifuniko. Pembeni walisimama Tembo na Kanga, nyuso zimewashuka.

"Hodi, Mzee Fisi," akasema Mama Sungura. "Naomba nichote kidogo kisimani."

"Kisima gani?" Fisi akauliza, akilamba midomo. "Hapa hakuna kisima. Hapa yupo binti yangu. Anaitwa Tunu. Tunu binti Fisi. Nimempa jina alfajiri, na mashahidi hawa hapa."

Mama Sungura akamtazama Kanga. Kanga akatazama chini.

"Mwenzangu, nisamehe," akasema. "Alituita akasema njooni msikie jambo. Mimi nikisikia kuna jambo, miguu haingoji."

"Na mimi nilidhani ni karamu," akanung'unika Tembo.

"Tunu hachotwi bure," akaendelea Fisi. "Atakaye kinywaji kwa binti yangu, alete mnofu kwa baba mtu. Tembo ataniletea mzoga atakaouona porini. Kanga ataniletea mayai. Na wewe, Mama Sikujua..."

"Mimi nakula majani, Mzee. Mnofu nitautoa wapi?"

Fisi akacheka kile kicheko chake kisicho na furaha. "Si una watoto watatu? Niachie mmoja, wawili wanywe mpaka washibe. Yule mdogo, nimesikia amedhoofika. Mimi sina makuu, hata mwembamba napokea. Mlete kesho kabla jua halijazama. Ukichelewa, bei itakuwa wawili."

Kibuyu kilimponyoka Mama Sungura kikabiringika mchangani. Alikiokota, akageuka, na alipofika nyuma ya kichaka akakimbia. Hakukimbilia nyumbani. Alikimbilia kwa Simba.

Simba alikuwa amelala juu ya Sultani, lile jabali la ukoo, ametandaza manyoya yake ya shingo ili kila apitaye ayaone. Mkwaju mkubwa ulimpa kivuli, na katika tundu la mkwaju ule nyuki walikuwa wakivuma.

"Shikamoo, Mfalme."

"Marahaba, Mama Sikujua. Simama hapo hapo, unanizibia upepo."

Mama Sungura alieleza yote. Simba alisikiliza huku akijitazama makucha.

"Sasa ulitaka nifanye nini?" akauliza. "Fisi ametaja jina mbele ya majirani. Nikivunja desturi kwa ajili ya kisima, kesho mtu atakuja kukaa hapa juu ya Sultani aniambie ni jiwe tu. Sultani, jiwe tu! Unasikia hayo maneno?"

"Nasikia, Mfalme. Lakini hawezi kuambiwa amwache Tunu?"

"Mzazi halazimishwi kumkana mwanawe. Akitaka mwenyewe, sawa. Na hata hapo, akimkana mmoja amewakana wote. Desturi yetu hairuhusu mtu kuchagua watoto kama anayechagua viazi." Simba akapiga miayo. "Halafu Fisi ni mtu wa adabu. Mimi ananiletea maji hapa hapa, bure."

Basi, hilo ndilo lililomfunga mfalme mdomo. Mama Sungura aliinama kuaga, na alipoinama magoti yakamuuma, yale magoti ya siku ya ufagio wa Kanga. Akabaki ameinama hivyo hivyo kwa muda, kama aliyesahau njia ya kuinukia.

"Unaumwa?" akauliza Simba.

"Hapana, Mfalme. Nimekumbuka kitu."

Njiani alikata mizizi ya mlozi pori, akaipeleka nyumbani na kumfyonzesha Tatu unyevu uliokuwemo. Ulikuwa mchungu, na Tatu akakunja uso. Mama yake alifurahi kuuona uso ule ukikunjamana, maana ulikuwa bado una nguvu ya kununa. Akawaacha watoto chini ya uangalizi wa Sikujua, akarudi kwa Fisi akiwa ametengeneza uso wa huzuni na heshima.

"Mzee Fisi, nimekubali," akasema. "Kesho nitakuja. Lakini nimesikia watu wakikusema huko njiani, nikaona aibu kwa niaba yako."

Masikio ya Fisi yakasimama. "Wananisema nini?"

"Ah, ni wivu tu. Wanasema, Fisi mtu mzima, mtoto mmoja! Tena wa kike, tena wa shimoni. Wanasema mwenye uwezo angekuwa na ukoo mzima."

"Nani anasema?"

"Usiniulize majina, Mzee, majina ndiyo kazi yako. Mimi nilikutetea. Nikawaambia, akitaka leo leo anaweza kuwa na watoto kutoka hapa hadi kwenye mkwaju wa mfalme. Fikiri! Huyo mgunga ungekuwa mwanao, kila anayekaa kivulini pake angekuletea mnofu. Njia hii ingekuwa binti yako, kila anayepita angekuletea mnofu. Lakini najua ni kazi nzito. Labda upumzike."

Fisi alikuwa ameshaanza kudondokwa na mate. "Mwite Kanga," akasema. "Na yule Tembo."

Mchana ule Mikwajuni iliona ajabu. Fisi alikwenda mbele, ametunisha kifua, mashahidi wakimfuata. Mgunga wenye miiba mirefu aliuita Mansuri bin Fisi. Njia ya kwenda malishoni aliiita Zuhura binti Fisi. Vumbi lililotimka njiani akaliita Shamimu.

"Vumbi pia?" akauliza Kanga.

"Linakaa kwenye ardhi ya binti yangu. Utaliachaje ndugu nje?"

"Baba mwenye huruma," akasema Mama Sungura.

Aliupa jina mchongoma, akakipa kichuguu, akalipa bonde, na sauti ikaanza kumkauka. Kanga alikuwa anachanganya majina. "Mansuri ni yupi tena, ni kichuguu au ni yule mwenye miiba? Angalia usije ukaupa jina na mkia wangu, Mzee, mimi bado nauhitaji."

Walipofika kwenye mkwaju wa mfalme, Simba alikuwa amesinzia. Mama Sungura akasimama ghafla, akashusha sauti.

"Hapa turudi, Mzee Fisi. Hawa nyuki waache."

"Kwa nini niwaache?"

"Asali yao ni tamu mno, na Mfalme huila kila msimu. Watu watasema Fisi amevuka mpaka. Wewe una watoto wa kutosha sasa, ridhika."

Neno "ridhika" Fisi hakulijua tangu kuzaliwa. Alinyoosha shingo kuelekea kwenye lile tundu akanong'ona, ila kwa mnong'ono ambao majirani wote waliusikia: "Nyie wote kwa pamoja ni Mwanamkasi binti Fisi."

Mama Sungura alishika kichwa kama aliyeshindwa. Ndani ya moyo wake alikuwa akiwaza jambo analolijua kila mtu wa Mikwajuni, ingawa hakuna anayelisema kwa sauti: kila msimu wa asali Simba hutumbukiza pua katika lile tundu, kila msimu nyuki humuuma, na kila msimu pua huvimba kama boga. Hata hivyo hakuna aliyewahi kulaumiwa. Nyuki ni nyuki tu.

Siku ya pili ilianza vizuri kwa Fisi. Aliamka akajinyoosha, akajiona tajiri. Hajamaliza kujikuna, Tembo akafika akichechemea.

"Fisi! Toka nje! Mwanao Mansuri amenichoma mguu."

"Mansuri gani?"

"Huyo mwenye miiba!"

"Babu Tembo, si mgunga ule? Mgunga ndivyo ulivyo, unachoma tangu zamani."

"Zamani ulikuwa mgunga," akasema Tembo. "Nilikuwa nautoa mwiba mwenyewe naenda zangu. Sasa ni mtoto, ana baba. Piga magoti."

Fisi akapiga magoti, akautoa mwiba kwa meno, kisha akafagia uwanja wa Tembo. Uwanja wa Tembo si uwanja wa kuku. Jua lilikuwa limepanda sana Tembo aliposema, "Imetosha."

Akirudi, alimkuta Kanga amesimama njiani na vifaranga wake wanakohoa.

"Bwana wee, huyo Shamimu wako hana malezi! Ameingia chumbani kwangu bila hodi, kawajaa watoto machoni. Na dada yake Zuhura ana shimo, kanitegua kidole. Ufagio huo, shika. Halafu ngoja nikusimulie, maana hii si mara ya kwanza, kuna siku shangazi yangu..."

Fisi alifagia. Kanga alisimulia. Neno linalotakiwa halikuja.

Mama Sungura aliyaona hayo kutoka mbali, amembeba Tatu mgongoni. Kisima kilikuwa hakina mlinzi, lakini kwa desturi kuchota kwa mtoto wa mtu bila ruhusa ya mzazi kulikuwa wizi. Alitabasamu, lakini tabasamu halikudumu. Jua lilikuwa linashuka. Fisi alikuwa amechoka, ndiyo, ila mlafi hachoki kiasi cha kuacha. Kati ya kufagia na kufagia alikuwa akitazama kichakani kama anaona masikio ya sungura. Na Simba alikuwa bado amelala, hana habari na asali. Kichwa cha Tatu kilikuwa kimeegemea shingo ya mama yake, kizito na cha moto.

Mama Sungura akapumua, akaenda mpaka chini ya jabali.

"Shikamoo, Mfalme. Napita tu. Nimekuja kukupa pole."

"Marahaba. Pole ya nini?"

"Ya asali. Nimesikia mwaka huu ina mwenyewe. Fisi kawapa nyuki wake jina, Mwanamkasi binti Fisi. Watu wanauliza kama Mfalme ataomba ruhusa au atapeleka mnofu. Mimi nikawaambia, Mfalme ni mtu mpole, atavumilia."

Simba akafungua jicho moja. "Nani avumilie?"

"Wewe, Mfalme."

"Nani aombe ruhusa?"

"Ni maneno ya watu tu, Mfalme."

Simba alisimama, na kila unyoya wa shingo yake ukasimama naye. "Asali ya mkwaju wangu! Angalia namna Mfalme anavyovumilia." Akaruka chini, akatumbukiza pua yote ndani ya tundu.

Ngurumo iliyofuata ilisikika hadi ng'ambo ya bonde. Tembo alikuja, Kanga akakatiza hadithi, na Fisi akaja na ufagio mkononi kwa kuwa hakujua hata auweke wapi. Walimkuta Simba amekaa, pua nyekundu imevimba mpaka macho yamekuwa madogo.

"Dani abewapa dyuki hawa jida?" akanguruma.

Hakuna aliyecheka. Kanga alijiziba mdomo kwa bawa.

"Mfalme anauliza nani amewapa nyuki hawa jina," akasema Mama Sungura kwa adabu.

Wote wakamtazama Fisi. Fisi akautazama ufagio.

"Mfalme," akasema, "nyuki ni nyuki. Kila mwaka..."

"Kila bwaka walikuwa dyuki! Leo wada baba. Biga bagoti!"

Fisi akapiga magoti. Simba akanyoosha mkono kuonyesha uwanja wake, na hapo ndipo Fisi alipokumbuka kwamba uwanja wa Simba ni nyika yote, kutoka majabali hadi jua linapozama. Tena wote walijua kwamba Simba, katika maisha yake, hajawahi kuona heshima yoyote akasema kwamba imetosha.

"Siwataki!" Fisi akalia. "Mansuri simtaki, Shamimu simtaki, Mwanamkasi wala simjui! Nawakana!" Kisha akili yake ya ulafi ikamrudia, akaongeza haraka, "Wote isipokuwa Tunu. Tunu ni mtoto mtulivu."

Jua lilikuwa limegusa majabali. Mama Sungura akamshusha Tatu chini, akamsimamisha mbele ya wote.

"Mimi nimekuja kwa wakati, kama tulivyoagana," akasema. "Mwanangu huyu hapa. Ila kwanza namuomba Mfalme atukumbushe. Mtu anaweza kumkana mtoto mmoja akambakisha mwingine?"

Kila mmoja alingoja. Maji ya bure yalikuwa upande mmoja, pua upande wa pili, na pua ndiyo iliyokuwa ikiuma.

"Hachagui," akasema Simba. "Haba si biazi."

"Mfalme anasema hapa si viazi," akaeleza Mama Sungura. "Mzee Fisi, uwachukue wote au uwaache wote. Ukimchukua Tunu, kesho Mwanamkasi atamuuma mwingine, na Mansuri atamchoma mwingine, na mvua zikija yule mwanao wa bonde atajaa maji atabeba nyumba za watu. Sisi tutakuletea mifagio."

Fisi alitazama kisima, akamtazama Tatu, akautazama uwanja usio na mwisho. Mate yalimkauka.

"Nawaacha wote," akasema kwa sauti ndogo.

"Hatujasikia," akasema Tembo.

"Taja mmoja mmoja, kama ulivyowapa," akasema Kanga, aliyekuwa akifurahi kuliko siku zote za maisha yake.

Basi Fisi akazungushwa nyika nzima, watoto wa Sungura wakimfuata. Alisimama mbele ya mgunga akasema, "Mgunga ni mgunga." Sikujua na Mwanaidi wakaitikia, "Ni mgunga!" Alisimama njiani akasema, "Njia ni njia." Wakaitikia, "Ni njia!" Vumbi likawa vumbi, nyuki wakawa nyuki. Mwisho wakafika chini ya majabali, na Fisi akayasema maneno ya mwisho kwa shida kuliko yote: "Kisima ni kisima."

Hapo Tatu, aliyekuwa hajatoa sauti tangu juzi, akasema taratibu, "Ni kisima." Mama yake hakungoja wengine waitikie. Kibuyu kilikuwa tayari ndani ya maji.

Mtoto alikunywa, akapumua, akakunywa tena. Kisha akaanza kulia kwa nguvu kwa sababu dada yake alikuwa amemnyang'anya kibuyu, na Mama Sungura aliona hajawahi kusikia kilio kizuri kama kile.

Kuanzia siku hiyo hakuna aliyejaribu tena kukipa kisima kile jina. Watoto wa shule wakiuliza kwa nini neno kama kisima, mti au njia huandikwa kwa herufi ndogo, iwe kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, na Tatu huandikwa kwa herufi kubwa, jibu lipo Mikwajuni. Tatu ni mmoja, ana mama yake wa kumjibia. Kisima ni jina la wote, na atakayelichukua awe nalo peke yake achukue na shari yake.

Ama Fisi, makosa ya nyuki yalitendeka yeye akiwa bado baba yao, kwa hiyo ufagio haukumwacha. Ukimwona porini leo, utaona mabega yapo juu na kiuno kipo chini, kama mtu aliyeanza kupiga magoti akaitwa afagie kabla hajamaliza. Anafagia bado. Simba hajasema neno.